Taa Ikiwaka, Kazi Bado

Watu wanaoniuliza waanzeje kazi ya ufundi umeme huanza na vyeti, wakahamia kwenye vifaa, wakamalizia na itachukua muda gani mtu kuanza kuingiza hela. Ni maswali ya msingi na nitayafikia. Ila kwanza huwa nawauliza mimi: utajuaje kwamba kazi uliyoifanya imekwisha?

Karibu kila anayeanza hunijibu vilevile. Taa ikiwaka. Soketi ikitoa moto, yaani umeme. Mashine ikizunguka. Na kweli, kubonyeza swichi na kuona mwanga kwa waya uliouvuta kwa mikono yako mwenyewe ni raha isiyosahaulika. Hadi leo bado inanipata. Lakini taa ni kipimo dhaifu sana cha kazi ya fundi. Inakuambia jambo moja tu, kwamba mkondo umepata njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kama njia hizo ni salama, taa haijui.

Chukua chumba kimoja, taa moja, swichi moja. Fundi asiyejali anaipitisha nyutro, yaani waya wa kurudisha mkondo, kwenye swichi na kuupeleka waya wa moto, ule unaouleta, moja kwa moja kwenye holda. Ukibonyeza, taa inawaka. Ukibonyeza tena, inazima. Mwenye nyumba anashukuru na kulipa. Lakini holda ile haijazima hata siku moja. Volti 230 zimekaa pale usiku na mchana, zikimsubiri mtu atakayezima swichi kwa nia njema, apande juu ya kiti na kupeleka vidole abadilishe globu.

Au chukua ethi, waya unaounganisha bodi ya chuma ya kifaa na ardhi. Jokofu, pasi na mashine ya kufulia hufanya kazi miaka na miaka bila waya wa ethi, kwa sababu mambo yakiwa mazuri ethi haina kazi yoyote. Inasubiri siku ambayo ganda la waya wa moto litachubuka ndani ya mashine na shaba kugusa bodi ya chuma. Ethi ikiwa nzima, mkondo mkubwa unakimbilia huko papo hapo, breka (swichi inayojizima mkondo ukizidi) inaanguka, na mwenye mashine analalamika tu kwamba mashine imekufa. Ethi isipokuwepo, mashine inaendelea kunguruma kama kawaida huku bodi yake yote ina moto. Breka haioni chochote cha ajabu. Anayekuja kuikamilisha ile njia iliyokosekana ni mtu aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji na kushika mlango wa mashine.

Kosa la tatu ndilo ninalotaka kukaa nalo, maana ndilo linalojificha zaidi, na ndilo ambalo mwanafunzi anaweza kujifunza kuliepuka kuanzia juma la kwanza kazini. Ni kiungo kilicholegea.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni inayofungamanisha volti, mkondo na ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo kupita. Kutoka hapo hesabu ya joto ni nyepesi: zidisha mkondo kwa mkondo, kisha zidisha kwa ukinzani, unapata wati. Sasa tuseme skrubu moja ya soketi haikukazwa vizuri, na pale inapoguswa na waya kuna ukinzani wa nusu omu. Nusu omu inaonekana kitu kidogo. Ni sawa na ukinzani wa karibu mita 70 za waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, umerundikwa wote kwenye ncha ya skrubu moja. Chomeka birika la umeme linalovuta ampea 10. Kumi mara kumi mara nusu: wati 50 za joto, ndani ya kiboksi cha plastiki, nyuma ya ukuta.

Birika linachemsha maji. Breka ya ampea 20 imetulia, maana ampea 10 ni nusu tu ya kiwango chake. Hakuna kinachopiga kelele. Lakini skrubu inapata moto, inapoa, inapata moto tena. Shaba inababuka na kuweka utando, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Plastiki inageuka rangi ya kahawia, kisha nyeusi. Mwenye nyumba anasikia harufu kama ya samaki aliyeungua na anadhani inatoka jikoni. Ukifika mapema unakuta soketi imeyeyuka upande mmoja. Ukichelewa unakuta zimamoto.

Ndiyo maana fundi aliyenifundisha alinikalisha chini na vipande vya waya kabla hajaniruhusu kugusa kazi ya mtu. Nilichuna ganda, nikafunga kwenye teminali, nikafungua, nikakata, nikaanza upya. Wakati ule niliona ananichelewesha. Leo namshukuru kwa moyo wote, kwa sababu kila kitu kingine katika kazi hii kinasimama juu ya sentimita ile moja ya shaba.

Tazama jinsi inavyofanyika. Ganda linakatwa kwa koleo la kuchuna waya, kisu kisiiguse shaba. Shaba ikipata mkwaruzo, hapo ndipo itakapokatika utakapoikunja kuirudisha kwenye boksi, na hutaiona ikikatika. Urefu wa kuchuna unafuata kina cha teminali. Ukizidisha, shaba uchi inachungulia nje. Ukipunguza, skrubu inabana ganda badala ya shaba. Kwa mkono utahisi imekaza barabara, lakini kinachogusa shaba ni kidogo mno. Waya wa nyuzi nyingi uingie na nyuzi zote. Wapo wanaokata chache ili uingie kirahisi, na hapo tayari wamepunguza unene wa waya ule. Kaza. Kisha shika waya na uuvute. Fundi wangu aliuvuta kila waya, hata alioufunga yeye mwenyewe, hata alipokuwa na haraka. Mimi nauvuta kila waya mpaka leo, na mwanafunzi asiyeuvuta nampa bisibisi arudie boksi zima.

Baada ya mikono, vipimo. Umeme haujaingia bado na kuna mambo ya kuthibitisha: kwamba waya wa ethi hauna mkatiko kutoka boksi la breka hadi soketi ya mwisho, kwamba waya wa moto ndio uliopita kwenye swichi, kwamba ganda la nyaya ni zima. Hicho cha mwisho hupimwa kwa mita inayosukuma volti 500 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) na kusoma ukinzani kati ya nyaya. Mafundi wengi husema kupiga mega. Viwango vya kimataifa vinataka usomaji usipungue megaomu 1, yaani omu milioni moja, kwa mfumo wa kawaida wa nyumbani. Mimi nikipima waya mpya na kuona megaomu 2 siridhiki hata kama karatasi inaruhusu, kwa kuwa waya mpya wenye afya husoma mamia. Mbili maana yake kuna msumari mahali, au unyevu, au ganda lililokwanguliwa wakati wa kuvuta kwenye paipu. Mwanafunzi aandike namba hizo kwenye daftari lake, aziandike zote, hata pale bosi anaposema haina haja. Baada ya muda daftari hilo linamfundisha namba ya kawaida inafananaje, na ndipo namba isiyo ya kawaida itakapomshtua.

Kuna ushahidi wa aina nyingine, ule unaolinda uhai wako mwenyewe: kuthibitisha kwamba hakuna moto.

Kuzima breka hakutoshi. Breka inaweza kuwa imeandikwa "jikoni" na kumbe inalisha chumba cha nyuma. Mtu anaweza kupita, akaona imezimwa, akaiwasha ili achaji simu. Kwa hiyo unazima, unafunga kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwako na si kwa mtu mwingine, kisha unapima. Na upimaji una mpangilio wake. Unaanza kupima mahali unapojua pana moto, ili ujue kipimo chako ni kizima. Unapima mahali pa kazi: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Halafu unarudi kupima tena pale pa kwanza. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Betri ya mita ikiisha katikati, au fyuzi yake ikikatika, mita itakuonyesha sifuri kila mahali, na sifuri ya mita iliyokufa inafanana kabisa na sifuri ya waya uliokufa.

Kuhusu ile testa ya bisibisi yenye kataa kadogo ndani, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoinunua kwanza: siikubali kama ushahidi wa kukosekana kwa moto. Inafanya kazi kwa kupitisha mkondo mdogo mno kupitia mwili wako kwenda ardhini. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao, au umevaa viatu vinene vya mpira, au umesimama kwenye jua kali, kataa kale kanaweza kuwaka kwa mbali sana usikaone. Ikiwaka, imekuambia kitu. Isipowaka, haijakuambia kitu. Nunua kipimo chenye ncha mbili.

Na usipuuze nyutro kwa sababu ya jina lake. Taa ikiwa imewashwa na nyutro ikakatika upande wa kurudi, kipande kilichobaki upande wa taa kinapata moto kupitia taa yenyewe. Taa imezima, waya ni wa bluu, na ukiushika unakupiga.

Rangi nazo zina historia. Katika nchi nyingi leo kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Lakini Uingereza ilihamia kwenye rangi hizo kuanzia 2004, na hadi mwaka 2006 ikawa lazima. Kabla ya hapo moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Kwenye mifumo ya zamani ya fezi tatu ya kule, bluu ilikuwa fezi, yaani mmoja wa nyaya za moto, na leo bluu ni nyutro. Marekani wana nyeusi kwa moto na nyeupe kwa nyutro, na volti zao ni 120 kwa soketi za kawaida. Majengo hudumu kuliko kanuni, na ndani ya ukuta mmoja unaweza kukuta kazi ya vizazi viwili vya mafundi. Rangi inakupa dhana. Mita ndiyo inayoamua.

Nataka pia anayeanza azijue namba za mwili wa binadamu kwa moyo, kama anavyojua namba yake ya simu. Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alipima kwa watu waliojitolea ni mkondo kiasi gani mtu anaweza kuushika na bado akaweza kuuachia. Wastani kwa wanaume ulikuwa karibu miliampea 16, kwa wanawake karibu 10.5. Ukizidi hapo misuli ya mkono inajikunja na kuung'ang'ania waya uleule unaotaka kuutupa. Sasa linganisha na breka ya ampea 20, ambayo ni miliampea 20,000. Breka ile haikuwekwa kwa ajili yako. Iliwekwa ili waya usiungue. Kinachokulinda wewe ni RCD, swichi ya usalama inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikifika miliampea 30, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hata hiyo haitakusaidia ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku umesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme. Kwake wewe ni taa tu kama taa nyingine.

Mara nyingi shoti yenyewe ni ndogo, inakushtua tu. Kinachoumiza ni kwamba ulikuwa juu ya ngazi.

Sasa maswali yao. Chuo au mtaani? Vyote viwili, na ikiwezekana kwa wakati mmoja. Aliyesoma darasani tu anajua kuchora saketi ya swichi mbili za ngazi lakini akifungua boksi na kukuta nyaya sita za rangi moja anaganda. Aliyekulia kwa fundi tu ana mikono myepesi lakini mara nyingi hajui kwa nini, na siku anakutana na kitu ambacho fundi wake hakuwahi kumwonyesha, anakisia. Ujerumani mwanagenzi wa umeme husoma na kufanya kazi kwa miaka 3.5 kabla ya kuhesabiwa kuwa fundi kamili. Kwa kijana anayetaka kipato mwezi ujao, muda huo unaonekana mrefu. Ukifikiria idadi ya vitu vinavyoweza kuwa vibovu huku taa inawaka, hauonekani mrefu tena.

Leseni isitafutwe mwishoni kama mapambo. Nchi nyingi zinaitaka kisheria kwa anayefunga au kusaini kazi ya umeme, na masharti yake mara nyingi yanadai uthibitisho wa muda uliofanya kazi chini ya fundi mwenye sifa. Kwa hiyo ulizia masharti ya mamlaka ya kwenu siku unayoanza, uanze kuhesabiwa tangu siku hiyo.

Hesabu inawatisha wengi bila sababu. Gawanya wati kwa volti upate ampea: hita ya wati 3,000 kwenye volti 230 ni ampea 13. Ukiweza hilo, na ukaweza kusoma jedwali la unene wa waya, umeshavuka sehemu kubwa ya hesabu utakayoitumia kila siku. Kinachobaki kinakuja na kazi.

Vifaa, anza na vichache na vizuri. Bisibisi na koleo zenye alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, ambayo ni alama ya vifaa vilivyopimwa kwa kazi ya umeme. Mpira tu uliofungwa kwenye mpini haumaanishi chochote. Koleo la kuchuna waya. Kipimo cha ncha mbili. Kufuli lako. Pete na saa ya chuma viache nyumbani. Drili na mashine za kukata ukuta utazikuta kazini, na zitakuja kwako kwa wakati wake.

Jambo lililo gumu zaidi kulipata ni mtu wa kukufundisha, na hapa nawaomba vijana wawe wachaguzi hata kama nafasi ni chache. Mtazame fundi kabla hujamfuata. Anapima kabla ya kushika, au anagusa kwa haraka kwa mgongo wa kidole na kusema hamna kitu? Ukimuuliza kwa nini, anajibu, anakasirika, au anasema ndivyo tunavyofanya siku zote? Fundi anayejibu "sijui, tuangalie" ana thamani kubwa kuliko mwenye jibu la kila kitu. Na wewe uliye fundi tayari, ukimpokea mwanafunzi, usimgeuze kuwa mtu wa kubeba ngazi na kuchimba ukuta miaka miwili. Vumbi na kubeba ni sehemu ya kazi, sote tumepita huko. Lakini kila siku akiondoka awe ameelewa kitu kimoja alichokifanya. Na akiwa ni msichana, apewe mita na bisibisi siku ileile ambayo mvulana angepewa. Nimeona wasichana wenye mikono mizuri ya teminali wakiachwa kuandika stoo, na inaniuma kila ninapoliona.

Malipo ya mwanzo ni madogo, na kazi za pembeni zitakujia upesi: jirani anataka soketi, shemeji anataka taa ya nje. Ushauri wangu hapa ni mkali na sitaulegeza. Usifanye kazi peke yako kabla hujapata mtu mwenye ujuzi wa kuikagua. Mikono yako inaweza kuwa tayari. Shida ni kwamba hujui bado usichokijua, na jirani hawezi kukuonyesha, kwa sababu yeye naye anatazama taa. Ikibidi uifanye, muombe fundi wako aje na mita kabla hamjawasha, hata kama utamgawia sehemu ya malipo.

Wengi wanaoanza sasa wananiuliza kuhusu sola, na wana haki ya kuuliza, maana kazi iko huko. Ila sola imegeuza baadhi ya mazoea niliyoyaeleza. Paneli haina swichi ya kuizima: mwanga ukiipiga, ina volti, na zikiunganishwa mfululizo juu ya paa zinafika mamia kwa urahisi. Tena ni DC. Mkondo wa AC, ule wa nyumbani unaobadili mwelekeo, ukiwa wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayozuka unapokata ina nafasi ya kuzimika. DC haipiti sifuri. Ukichomoa plagi ya paneli ikiwa na mzigo, cheche inaweza kuendelea kuwaka kwenye pengo hilo na kuyeyusha kila kilicho karibu. Breka ya AC haifai kuwekwa mahali pake, hata kama ampea zinalingana. Anayetaka kuelekea huko amalize kwanza misingi ya nyumbani, kisha atafute mafunzo ya sola yenye vitendo juu ya paa, na anunue mita iliyoandikwa kiwango cha volti za DC kinachozidi kile cha mfululizo wa paneli atakazozigusa.